Kabla ya Kutupa Mshipi Tanganyika, Mjue Mwongozaji Wako

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii husemwa kila siku, sokoni na barazani, na watu ambao hawana haja yoyote ya kuingia majini. Lakini kwa mkazi wa Bujumbura, ambaye akitoka nje asubuhi huliona Ziwa Tanganyika limelala kimya chini ya milima ya ng'ambo, methali hiyo si pambo la maneno. Ni onyo.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa zipatazo 670 toka kaskazini hadi kusini, na kina chake hufika mita 1,470. Hakuna ziwa barani Afrika lenye kina kama hicho, na duniani kote linashindwa na Baikal peke yake. Nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, hupata riziki kwake. Kwa mtu wa Bujumbura ziwa ni ndagala walioanikwa juani, ni mukeke wa kuchoma, ni sangala wa karamu. Hata hivyo, lipo kundi jingine la watu ambao hulijia ziwa si kwa kutafuta kitoweo, bali kwa kutafuta burudani ya kushindana na samaki kwa ufito mmoja, mshipi mmoja na ndoana moja. Makala haya yanawahusu hao pamoja na wenyeji wao. Lakini zaidi yanamhusu mtu wa tatu anayewaunganisha na maji, naye ni mwongozaji.

UVUVI WA MANYOYA

Uvuvi tunaousema una desturi zake. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, chambo au risasi iliyofungwa karibu na ndoana ndiyo yenye uzito, nayo huuvuta mshipi kwenda mbali. Katika uvuvi huu mambo ni kinyume. Ndoana hufungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu au kisamaki, nayo huwa nyepesi kama usufi. Uzito umo katika mshipi wenyewe. Mvuvi huupeleka mshipi nyuma na mbele hewani kwa ufito mrefu unaopindika, mpaka ujinyooshe juu ya maji na chambo kitue taratibu bila kumshtua samaki.

Asili ya mchezo huu ni mito ya baridi ya Ulaya, na wageni walipokuja Afrika ya Mashariki walikuja nao. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Scotland, na samaki hao wakawekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Huko mwongozaji humwongoza mgeni kando ya mto ambao mtoto aweza kurusha jiwe likavuka.

Tanganyika ni jambo jingine kabisa. Hapa hakuna trauti. Yuko kibebe, mwenye meno yanayojitokeza hata akifunga mdomo, ambaye huukata mshipi kama mkasi usipotanguliza kipande cha waya. Yuko sangala, mwenye mwili mnene na nguvu za kuvuta. Yuko kuhe, ambaye ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa katika jamii yake iliyoenea Afrika na Amerika. Wote watatu hula samaki wadogo. Kwa hiyo mvuvi mwerevu hufunga manyoya meupe na uzi unaometa, urefu wa kidole, hata chambo kifanane na ndagala.

Mgeni anayekuja na ufito wake kutoka Ulaya huja pia na mazoea yake, na zoea la kwanza ni kuingia majini hadi mapajani ili arushe mshipi vizuri. Hilo ni zoea la kufisha hapa kwetu. Katika matete ya delta ya Rusizi mna mamba, na jioni viboko hutoka majini kwenda malishoni, na alfajiri hurudi. Mtu akisimama kati ya kiboko na maji, kiboko hatafuti njia nyingine ya kupita. Basi kazi ya kwanza ya mwongozaji wa Bujumbura si kumwonyesha mgeni samaki alipo. Ni kumzuia asiingie majini.

KISA CHETU

Hatuyaandiki haya kwa kuyasikia. Mwanzoni mwa Julai 2019 rafiki yetu mmoja kutoka ng'ambo, mpenzi mkubwa wa uvuvi huo, alitutembelea hapa Bujumbura. Alikuwa na ufito wake ndani ya mfuko mrefu, na visanduku viwili vya chambo alivyovifunga kwa mikono yake mwenyewe. Ombi lake lilikuwa moja tu: tumtafutie mtu wa kumpeleka ziwani.

Tulimtafuta kwa muda wa nusu saa. Ufukweni tulimkuta kijana mmoja hodari wa kusema, mwenye boti iliyopakwa rangi mpya. Tulimwuliza kama anawajua kibebe walipo. Akajibu ndiyo. Tulimwuliza kama anaujua uvuvi wa manyoya. Ndiyo. Mchana huo huo tungeweza kwenda? Ndiyo. Pepo za Julai je? Akacheka, akasema pepo ni za waoga. Tukampa fedha zote kabla ya kuondoka, tukajiona tumefanya kazi ya siku.

Wahenga wamesema pia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi hatukukumbuka. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba upelelezi hutangulia mwendo, na kwamba kamanda asiyemjua kiongozi wa njia amekwisha kupotea kabla hajapiga hatua. Tulilijua somo hilo kwa moyo, na mtihani wake tuliufaulu. Lakini mtu akivua viatu vya kazi akavaa kandambili za ufukweni, mara nyingi huviacha pamoja na masomo yake.

Tuliondoka saa nane mchana. Katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini huvuma kwa kulifuata ziwa katika urefu wake wote, na kwa kuwa hakuna kinachozikinga, mawimbi hukua kadiri yanavyoelekea kaskazini, yaani kwetu. Saa tisa mgeni wetu hakuweza tena kurusha mshipi. Mara mbili ndoana ilipita karibu na sikio lake, kwa maana kijana alikuwa ameigeuza boti hata upepo ukaja upande ule ule wa mkono wa kurushia. Saa kumi tulimwambia arudi. Akageuza boti, na injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Hapakuwa na mafuta. Kijana alikuwa amenunua kidumu kimoja tu, naye hakukijaza, kwani mafuta yalikuwa ghali na alitaka kubakiza kitu katika fedha yetu. Kafi lilikuwa moja, nalo limevunjika. Majaketi ya kuelea hayakuwamo. Upepo ukatuchukua kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa midomo ya Rusizi, na sote tulijua kilichomo katika matete hayo, ingawa hapana aliyekitaja. Kijana alianza kutweka maji kwa kopo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na hapo ndipo tulipoona jinsi alivyokuwa mdogo kwa umri.

Tuliokolewa na wavuvi wa ndagala. Ulikuwa wakati wa usiku wa giza, ambapo wao hutoka jioni na taa zao, kwa maana ndagala hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka kazi yao huharibika. Walitufunga kamba, wakatukokota hadi mwaloni, wakakataa malipo. Mmoja wao, mzee mwenye mvi, alimtazama kijana, kisha akatutazama sisi, akasema, "Huyu ni mtoto, anatafuta chakula. Lakini nyinyi, mabwana, nani aliwaambia mtoke na pepo hizi?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hapana aliyetuambia tutoke. Sisi ndio tuliomwambia kijana, naye akaitikia.

MZEE MWENYE MASWALI

Kesho yake tulimtafuta mzee yule. Tulimkuta nyumbani kwake Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya kila mlango, ameketi barazani anashona wavu. Tulimwamkia, tukakaa, tukamweleza haja yetu. Tulitegemea atatutajia bei. Badala yake akaanza kutuuliza maswali.

Mgeni wenu anajua kuogelea? Ana ugonjwa wowote? Hurusha mshipi kwa mkono wa kulia au wa kushoto? Anataka samaki wa kula, au anataka kumkamata kisha amwachie? Hali gani itamridhisha akirudi mikono mitupu? Alipomaliza, alimwomba mgeni amwonyeshe ufito. Mgeni akasimama uani, akarusha mshipi mara kadhaa juu ya kuku. Mzee hakuwahi kuuona uvuvi huo maishani mwake, wala hakuficha. Alitazama kwa makini, kisha akasema, "Nimeelewa. Nyuma yako pasiwe na mtu wala mlingoti, na upepo uje upande wako wa kushoto. Chombo nitakishika mimi. Wewe simama mbele."

Kwa dakika kumi alikuwa ameelewa jambo ambalo kijana hakulielewa kwa saa mbili. Hapo tukajua kosa letu la pili. Tulikuwa tukimtafuta mtu anayeujua uvuvi wa manyoya. Sanaa ya kumweka mrusha mshipi mahali pake huweza kufundishwa asubuhi moja. Ziwa halifundishwi asubuhi moja. Aliyeanza kulisoma akiwa mtoto mtumbwini ndiye anayefaa, hata kama ufito wa mgeni ni ajabu machoni pake.

Tukakubaliana kuondoka Jumamosi. Saa kumi na moja alfajiri tulimkuta ufukweni amesimama na koti lake, anatazama kusini. Hakuwa ametia injini botini. Akatuamkia, kisha akasema kwa upole, "Leo hapana."

Sisi hatukuona kitu. Maji yalikuwa shwari. Mgeni, ambaye siku zake zilikuwa zinakwisha, alisema angeongeza malipo. Mzee akamwonyesha wimbi refu lisilo na povu, lililokuwa likija taratibu kutoka kusini. "Huko mbali upepo umekwisha kuamka," akasema. "Huyu ni mjumbe wake. Saa tatu utakuwa hapa." Akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akawasha kiko.

Kabla ya saa tatu kupita, mawimbi yalikuwa yakipiga ufuko hata hatusikilizani. Tulikuwa tumesimama nchi kavu, na miguu yetu mikavu. Rafiki yetu alitoa mfukoni nusu ya malipo tuliyoyapatana, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akashangaa. "Sijawapeleka popote," akasema. Mgeni akajibu, "Umetupeleka nyumbani."

Kwa maoni yetu, hicho ndicho kiini cha shauri zima. Mwongozaji mbaya hazaliwi, hutengenezwa, na fundi wake ni sisi tunaolipa. Tukimlipa anayetupeleka na kumnyima anayetuzuia, tumemfundisha kwamba neno "ndiyo" lina mkate na neno "hapana" lina njaa. Kijana yule wa boti yenye rangi mpya hakuwa mwovu. Alikuwa amejifunza kwa wateja wake.

NJIA YA MUGERE

Tuliondoka Jumatatu. Mzee alishauri tuende kwa gari upande wa kusini, mahali ambapo pwani ni ya mawe na maji ni maangavu, badala ya kubaki karibu na Rusizi ambayo hutia tope ziwani. Njiani, kiasi cha kilometa 12 kutoka mjini, tulipita Mugere, lilipo jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871.

Jiwe hilo lina somo kwa kila anayetafuta mwongozaji. Mwaka 1858 Burton na Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira, wakitaka kujua kama Rusizi hutoka ziwani au huingia. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwao, kwa maana walikuwa wakitafuta chanzo cha Naili. Wenyeji wa Uvira waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Lakini wenye mitumbwi walikataa kusonga mbele, na wasafiri hao wakarudi bila kuuona mdomo wa mto kwa macho yao. Ubishi ukaendelea Ulaya kwa miaka 13. Mwishoni mwa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita hapa Mugere, wakaenda hadi mdomoni mwa Rusizi, wakaona maji yanaingia ziwani, kama wenyeji walivyokuwa wamesema siku zote.

Mzee wetu alipoelezwa kisa hicho, alicheka sana. "Miaka 13!" akasema. "Mngemwuliza mtoto wa mvuvi."

Tulipofika kwenye mwalo, mzee alifanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alimwita mvuvi mmoja wa pale, mtu wa makamo, akamkabidhi usukani. "Huku mimi ni mgeni," akatuambia. "Mawe ya huku anayajua huyu. Leo yeye ndiye mwongozaji, mimi ni mwenzenu." Ni watu wachache, hata miongoni mwa wenye vyeo, wawezao kutamka maneno hayo mbele ya anayewalipa.

Maji yalikuwa maangavu hata tuliona mawe mita kadhaa chini yetu. Kwenye mchanga kati ya mawe, mgeni aliona kuhe wawili wakubwa, mmoja akizunguka na mwingine ametulia, na chini yao wingu dogo la watoto. Akainua ufito. Mvuvi wa pale akamshika mkono.

Kuhe dume na jike hulinda mayai na watoto wao pamoja, na katika muda huo hawali. Wataalamu wanaona kwamba huzaa mara moja tu katika maisha yao, kisha nguvu zikawaishia. Samaki wa namna hiyo humvamia kila anayekaribia, kwa hiyo kumnasa si kazi wala si sifa. Na akiondolewa hata kwa dakika chache tu, majirani huwala watoto wote. Mvuvi yule hakuyasema haya kwa maneno ya kitabu. Alisema, "Hawa wana watoto, bwana. Tuwaache." Mgeni akaushusha ufito wake, akakaa akiwatazama kwa muda mrefu.

Saa nne, karibu na mdomo wa kijito, alimnasa kibebe mmoja, urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Samaki aliruka mara tatu nje ya maji. Mgeni alimtoa ndoana kwa koleo, akamrudisha majini. Saa tano mzee alitazama kusini, nasi tukarudi bila kuulizana.

MAMBO YA KUTAZAMA

Ndugu msomaji, huenda nawe siku moja utapata mgeni mwenye ufito, au utajinunulia wako. Basi haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama yetu.

Kwanza, msikilize mwongozaji anavyouliza kabla ya kumsikiliza anavyojibu. Asiyekuuliza lolote hajali kama utarudi. Nawe mwulize maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo tupu: Lini ulirudi bila kuvua, na kwa sababu gani? Upepo ukigeuka tukiwa hapa, tutakimbilia mwalo upi? Mjuzi atakujibu kwa majina ya mahali.

Pili, usiridhike na maneno. Nenda ukatazame chombo siku moja kabla. Hesabu majaketi ya kuelea, na hesabu watu. Tazama makafi mawili mazima, kamba, kopo la kutwekea maji, na mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba. Katika miaka ambayo mafuta huwa adimu, kama ilivyotupata mara kwa mara nchini, hapa ndipo wengi hupunguzia gharama, na hapa ndipo roho za watu hupotelea.

Tatu, mpime kwa ujuzi wa maji ya leo, si ya zamani. Mwezi wa Aprili 2024 ziwa lilipanda hata likaingia mitaa ya kando na bandarini, na watu wa Gatumba wanaijua adha ya mafuriko kuliko wengine. Maji yakipanda, nguzo, nyua na visiki vilivyokuwa nchi kavu huzama, na mtu anayetegemea kumbukumbu za miaka iliyopita huvunja chombo juu ya ukuta wa jirani. Aidha, akikuambia kwamba samaki wakubwa wako chini kabisa, mwache. Kupita mita 200 hivi, maji ya Tanganyika hayana hewa, na hapana samaki aishiye humo.

Nne, awe mtu wa sheria. Mipaka ya ziwani haina ukuta wala bendera, lakini ipo, na mawimbi hayamwondolei mtu hatia. Mwongozaji mwema huarifu wahusika kabla ya kuondoka, na huuliza hali ya usalama kila safari, hata kama aliuliza juzi. Vilevile huzijua nyakati za kulipumzisha ziwa. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003, na makao ya mamlaka yake yako hapa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Anayekuambia kwamba sheria hizo haziwahusu wageni wenye ufito mmoja, anakuuzia kesi.

Tano, jihadhari na muuza hofu kama unavyojihadhari na muuza matumaini. Wako wanaomchuma mgeni kwa hadithi za Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi ambaye jitihada za kumnasa zilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2004, naye hakunaswa. Hadithi ni tamu. Lakini mjuzi hatakupeleka karibu na matete ili upige picha. Atakuambia tu ukae ndani ya chombo, uondoe mkono wako majini, na uwe umerudi nyumbani kabla viboko hawajatoka.

Mwisho, patana naye juu ya siku ya "hapana". Mwambie mapema, mbele ya mashahidi: ukikataa kwa ajili ya usalama wetu, au ukitukataza kuvua samaki anayelea watoto, tutakulipa sehemu ya malipo yako. Fedha hiyo si ya bure. Ndiyo bei ya macho yake.

Kijana yule wa kwanza tulikutana naye tena mwaka uliofuata. Alikuwa akifanya kazi chini ya mzee wa Buyenzi, akishika kamba na kujifunza kusoma mawimbi. Alituamkia kwa haya. Tulimwuliza kama siku ile ziwa lilifaa. Akageuka akatazama kusini, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ngojeni kwanza, wakubwa. Bado sijaona vizuri."

Tulingoja.